Pasaka na gauni la mwaka jana

Nimerudi. Najua nimepotea, lakini si mnajua tena, majaribio yalibana na bumu nalo likagoma kutoka, mpaka tukawa tunakula kwa mkopo kwa mama ntilie. Ila kuna jambo linanikereketa toka Pasaka, leo ngoja nilitoe.

Jumamosi Kuu usiku nilimwambia mwenzangu wa chumbani twende mkesha. Akanijibu, "Shoga, we nenda tu. Pasaka gani ya kwenda na gauni la mwaka jana?" Nikajua utani. Niliporudi nikamkuta amejifunika shuka gubigubi, macho mekundu. Mtu aliyefunga Kwaresima nzima!

Jamani, wengi wetu tumekua tukijua Pasaka ni pilau na nguo mpya. Mzazi akikosa hela, mtoto analia siku nzima. Lakini nani aliwahi kutuambia kwa nini nguo?

Katika Kanisa la karne za mwanzo, ubatizo mkubwa ulifanyika usiku wa mkesha wa Pasaka. Waliotoka majini walivikwa nguo nyeupe, wakakaa nazo wiki nzima. Maana yake mtu wa zamani kafa pamoja na Kristo, na mtu mpya kafufuka naye. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na hapohapo akasema hakuna tena mtumwa wala mtu huru. Yaani nguo ile ilifuta tofauti. Sisi tumeigeuza, sasa ndiyo inayoonyesha nani kwao wanazo na nani hana.

Kuna wanaosema dawa ni kuzitupa hizi desturi zote kwa sababu ni za kipagani. Kila mwaka ujumbe unazunguka kwenye simu, eti Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli. Hapo nabisha. Neno letu Pasaka linatokana na Pesach ya Waebrania, sikukuu ya kutoka Misri. Hata hilo jina la Kiingereza, mmonaki Bede aliyeandika mwaka 725 alilihusisha na Eostre, wala si Ishtar.

Na mayai je? Ulaya ya zamani mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima. Sasa kuku hajui Kwaresima, anataga tu! Ikifika Pasaka yamejaa kapu. Wakristo wa Mashariki huyapaka rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo, na ganda likipasuka ni kaburi limefunguka. Hiyo nayo ni katekesi. Sungura anayeleta mayai ni hadithi ya Wajerumani, huyo simtetei.

Kwa hiyo mi naona tatizo letu si desturi, tatizo ni desturi iliyobaki ganda bila yai. Mwenzangu angejua maana ya ile nguo, asingelia chumbani. Tena mkesha wenyewe unaanza gizani! Mshumaa wa Pasaka unawashwa kwenye moto mpya, una msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka, na punje tano za ubani kwa ajili ya madonda matano. Kisha kila mtu anawasha mshumaa wake kutoka kwenye moto huohuo mmoja. Gizani pale hakuna anayeona gauni lako la lini.

Sisi tunaosomea ualimu tuna kazi hapa. Mtoto akiuliza "kwa nini?", tusimjibu "ndivyo tunavyofanya". Mimi mwenyewe nimewahi kujibu hivyo darasani nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na naona aibu.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mwenzangu haya yote huku tunapiga pasi. Akacheka, akavaa lile gauni la mwaka jana, tukaenda.

Nawasilisha.