Bahasha na habari za kweli

Mwezi wa kwanza 2022 waandishi wa habari na viongozi wa nchi walikutana Kinshasa kuchunguza magonjwa ya vyombo vyetu vya habari. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 ikatoka sheria mpya, mahali pa ile ya 1996. Baraza la CSAC nalo lipo, kusimamia redio na televisheni.

Lakini sheria haimlipi mwandishi mshahara. Wengi wanaishi kwa « coupage », pesa anayotoa mwenye mkutano ili habari zake zitangazwe. Hapa Fungurume, mji wa shaba na kobalti, jambo hili ni zito. Mchimbaji wa mikono hana bahasha, wala mkulima anayehamishwa shamba lake kupisha mgodi. Sauti ya nani basi itasikika?

Kutoka 23 inakataza habari za uongo katika mstari wa 1, na rushwa katika mstari wa 8. Ya pili huzaa ya kwanza. Basi makanisa tuanze kwetu: tukialika redio, tulipie tangazo ofisini, kwa risiti, tusitie kitu mfukoni mwa mwandishi. Na anayekuja na maswali magumu, hata juu yetu wachungaji, tumfungulie mlango.