Kiswahili, Majani Chai na Riziki
Mkulima mdogo wa chai wa Kericho na Bomet hulipwa malipo ya awali kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi hiyo aghalabu huwa ndogo kuliko ya mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, na ripoti zinazoeleza sababu huandikwa kwa Kiingereza.

Hapa pana kazi kwa mhitimu wa Kiswahili: jarida la barua pepe la kila juma, lifafanualo bei za mnada wa Mombasa. Wasomaji 300 wakilipa shilingi 50 kwa mwezi kupitia M-Pesa, pato ni shilingi 15,000. Si utajiri, bali ni mwanzo.

Hata hivyo, dalali wa majani mabichi akilipia tangazo, asiinunue na kalamu. Imani ya msomaji ndiyo mtaji.