Tusibane pesa kwa alimantasyo

Wazazi wa Rubaya, mtoto aliye Goma akiomba franga za kujiungia ordinatere ya michezo, musimukatalie haraka. Tantali inayotoka katika koltani yenu hutumika ndani ya vyombo kama hivyo. Mbona watoto wenu wasivijue? Lakini asianze na karte grafike, hiyo inakula bajeti yote. Prosesa kama Ryzen 5 5600G iko na grafike ndani yake, inatosha kwa mchezo wa mupira. Aweke barete mbili za RAM za giga 8, maana grafike hiyo inakopa RAM. Pesa inayobaki iende kwa alimantasyo ya kweli na stabilizatere. Umeme wa hapa unapanda na kushuka, na alimantasyo ya ovyo ikiungua inaweza kwenda na mashini yote. Taa za rangi zingoje.