Jeopardy! Ilipotimiza Miaka 60: Haki ya Herufi Moja

Tarehe 30 Machi mwaka 2024, kipindi cha chemsha bongo cha Jeopardy! kilitimiza miaka 60 tangu kilipoanza kurushwa na kituo cha NBC cha Marekani. Wapo waliokipongeza kwa mamilioni ya dola kilizogawa. Sisi tunakipongeza kwa siku kilipomvua profesa ubingwa.

Profesa huyo ni Ben Chan, mwalimu wa falsafa katika Chuo cha St. Norbert, jimbo la Wisconsin. Mwaka 2023 alishinda mara tisa mfululizo na kujipatia dola 252,600. Baada ya ushindi wa tatu alikutwa na UVIKO-19, ikambidi apishe wengine. Alipopona alirudi, akaendelea kushinda kana kwamba hakuondoka.

Mchezo wa kumi ukafika kwenye swali la mwisho. Hapo washindani hupewa sekunde 30, muziki ule maarufu ukipigwa, kila mmoja akiandika kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kioo. Walitakiwa kuwataja wapenzi wawili wa tamthilia ya Shakespeare ambao majina yao yanatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kubarikiwa. Chan aliandika Beatrice na Benedict. Shakespeare alimwita Benedick.

Kanuni ya kipindi ni kwamba ukikosea tahajia unasamehewa, mradi neno lisomeke kwa sauti ile ile. Lakini T haisomeki kama K. Jibu likakataliwa, na ubingwa ukaenda kwa mwingine. Watazamaji wengi waliona ameonewa, kwa kuwa ilikuwa wazi kuwa wahusika aliwajua. Sisi tunasema hakuonewa. Kanuni iliyowabana wageni wa siku moja ilimbana na bingwa wa siku tisa.

Ukali huo wa herufi moja una historia. Mwishoni mwa mwaka 1956, mwalimu mwingine wa chuo, Charles Van Doren wa Chuo Kikuu cha Columbia, alianza kushinda wiki baada ya wiki katika kipindi cha Twenty-One, kwenye NBC hiyo hiyo. Watu walimtazama ndani ya kibanda kisichopitisha sauti akifuta jasho, akisitasita, kisha akitoa jibu sahihi. Alivuna dola 129,000 na picha yake ikapamba jalada la jarida la Time. Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba majibu alikuwa akipewa mapema, na hata kule kusitasita alifundishwa. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuharamisha udanganyifu huo.

Jeopardy! ilizaliwa kutokana na aibu hiyo. Mtayarishaji Merv Griffin alitamani kurudisha chemsha bongo kwenye televisheni, lakini nani angeziamini tena? Mkewe, Julann, akampa wazo: wape washindani majibu, wao watoe maswali. Akamjaribu mumewe palepale: "5,280." Griffin akajibu: "Maili moja ina futi ngapi?" Sisi tuliolelewa kwa vitendawili tumezoea kutegewa fumbo ili tulitegue kwa jibu, lakini hapa jibu ndilo linalotegwa.

Ubunifu huo ulivuta watu, lakini kilichowafanya wabaki ni uaminifu. Art Fleming aliongoza kipindi tangu mwanzo hadi kilipositishwa mwaka 1975. Kiliporudi mwaka 1984 alikishika Alex Trebek, akakiongoza hadi alipofariki dunia Novemba 2020. Mwaka 2003 kikomo cha ushindi wa siku tano kiliondolewa, na mwaka uliofuata Ken Jennings akashinda mara 74 mfululizo. Mfululizo kama huo, enzi za Twenty-One, ungezua minong'ono. Kwa Jennings watu walishangilia, na leo ndiye anayeongoza kipindi.

Naye Chan hakususa. Mwaka 2024 alirudi kwenye mashindano ya mabingwa, akafika fainali. Taji lilikwenda kwa Yogesh Raut, lakini heshima ya profesa imebaki palepale, kwa sababu kila ushindi wake ulikuwa halali.

Hongera kwa Jeopardy! kwa kutimiza miaka 60. Nanyi mnaoandaa chemsha bongo zetu, iwe shuleni, redioni au kwenye televisheni, chukueni funzo hili: andikeni kanuni kabla ya mchezo, wasomeeni washindani wote, na siku mwanafunzi mnayemtegemea atakapokosea herufi, mkatalieni jibu lake kama ambavyo mngemkatalia mwingine yeyote.