Kompyuta ya Ushirika Isinunuliwe kwa Kutazama Bei Tu

Vyama vingi vya msingi vya ushirika vimefikia hatua ya kuliweka kando daftari la karani na kununua kompyuta mpakato. Hatua hiyo yastahili pongezi. Lakini namna baadhi ya kamati zinavyonunua vyombo hivyo haina budi kuangaliwa, kwa kuwa fedha inayotumika ni makato ya mkulima.

Aghalabu mjumbe hutumwa mjini na agizo moja tu: alete ile ya bei nafuu. Hurudi na kompyuta mpya, nyepesi, ingali katika boksi lake, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Kamati hufurahi kwa kuwa chenji imebaki. Kinachosahauliwa ni kwamba kiasi hicho ndicho cha chini kabisa ambacho Microsoft inakikubali kwa Windows 11. Yaani mashine hiyo huanza kazi ikiwa imekaribia kujaa. Baya zaidi, katika nyingi za aina hiyo hifadhi imelehemiwa kwenye bodi, na mara nyingi kumbukumbu pia. Fundi hawezi kuongeza kitu. Na hifadhi ikifa, hesabu za mizani zisizo na nakala hufa nayo.

Kompyuta zilizoundwa kwa kazi za ofisi, kama ThinkPad iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kununuliwa na Lenovo mwaka 2005, au Latitude ya Dell, huzidi bei kwa sababu zinazoshikika. Bawaba zake kwa kawaida ni imara. Nyingi hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na mtengenezaji hutoa kitabu cha ufundi bila malipo, hivyo fundi wa Mtwara au Shinyanga aweza kubadili betri, kibodi au diski bila kuipeleka Dar es Salaam. Si zote, lakini. Zile nyembamba mno, kama X1 Carbon, kumbukumbu yake nayo imelehemiwa; hizo humpendeza mwenyekiti kuliko zinavyomfaa karani.

Wala si lazima chama kinunue mpya ya bei ya juu. Mashine ya ofisi iliyokwisha kutumika Ulaya, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, yaweza kupatikana kwa bei isiyo mbali na ile mpya dhaifu. Ila mtumba nao una mtego wake. Zile za bei ya kutupa mara nyingi zina prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Hizo hazimo katika orodha ya Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Betri ya mtumba nayo ihesabiwe kuwa imechoka, na bei ya nyingine iwekwe katika bajeti tangu mwanzo.

Chama kinachoandika barua na kumbukumbu za mikutano tu kitatosheka na ile ya bei nafuu. Lakini pale ambapo korosho za wakulima hupimwa na kuingizwa katika stakabadhi za ghala, foleni ikiwa imefika barabarani, mashine inayokwama ni malipo yanayochelewa. Basi kabla mjumbe hajapanda basi, mkutano mkuu umwulize: ikiharibika ataitengeneza nani, vipuri vitatoka wapi, na nakala ya hesabu itawekwa wapi?