Mapenzi ya Ndege

Msomaji, wako waitukuzao Boeing na wako waitukuzao Airbus, kama washabiki wa mpira. Mapenzi hayo ni upofu. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilianguka. Wakafa wote 157, wakiwamo Wakenya 32. Mtambo ulitegemea kipimo kimoja tu, nacho kibovu, ukaiinamisha pua ya ndege mara kwa mara. Mshabiki wa Airbus asicheke: mwaka 2009, juu ya Atlantiki, vipimo vya mwendo vya A330 viliziba kwa barafu, marubani wakababaika, wakafa 228. Basi usiniulize nampenda nani. Niulize nani alificha kasoro. Maana mwaka 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika shtaka la kuwahadaa wakaguzi wa Marekani juu ya mtambo ule.