Katuni si ya watoto peke yao

Bwana Mhariri,

Jumamosi iliyopita tulitazama kwa jirani, huku Ndosho, katuni ya Kifaransa ya Jérémy Clapin, J'ai perdu mon corps, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wakosoaji huko Cannes mwaka 2019. Mkono uliokatwa unatoroka kwenye friji, unavuka Paris ukipigana na panya, ukimtafuta mwenyewe. Mama mmoja aliwatoa watoto nje mapema, alifanya vyema. Vijana wakacheka, eti uchawi wa wazungu.

Aliyenyamaza ni baba mmoja, fundi wa chukudu, mikokoteni yetu ya mbao. Msumeno ulipoukata mkono wa Naoufel, kijana mwenye mkono ule, alifunika kiganja chake cha kushoto, chenye vidole vitatu. Baadaye akasema: "Aliyechora hii anaijua karakana." Kwangu maoni hayo yalipita mengine yote, ingawa mwisho wa filamu umeachwa hewani mno.

Wala katuni ya watu wazima si jambo geni kwetu. Mkongo mwenzetu Jean-Michel Kibushi alishatengeneza katuni juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Wanaoonyesha filamu hapa Goma watuletee na hiyo, na mlangoni waandike: watu wazima tu.

Msomaji wenu,
Ndosho, Goma